Usitafsiri "na": mwongozo wa vihusishi vya Kiingereza kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza ilikuwa na sentensi hii: "I am very interested with this post because I am good in writing reports, and the reason of my application is to grow." Niliipitia mara nne kabla ya kuituma, sikuona doa. Miaka ikapita. Siku moja natafuta kitu kingine kabisa kwenye barua pepe za zamani, nikakutana nayo, nikaona makosa matatu yamejipanga foleni: ilipaswa kuwa "interested in", "good at" na "reason for". Tahajia ilikuwa sawa, nyakati za vitenzi zilikuwa sawa. Kilichoniumbua ni vineno ambavyo hata hatuvihesabu tunapojisifu kuwa tunajua msamiati.

Vineno hivyo ndivyo vihusishi: in, at, for, of, to, with, on, about, from na wenzao. Hapa nashughulikia kipande kimoja tu cha matumizi yao, kile kinachotusumbua zaidi: vinapoandamana na kivumishi au nomino. Kitabu kuwa juu ya meza hakumpi mtu shida. Shida huanza mtu anapojivunia, anapoogopa, anapofanana, anapohitaji.

Hatua ya 1: Jikamate ukitafsiri

Turudi kwenye barua yangu. Kichwani mwangu kulikuwa na "navutiwa na kazi hii", mkono ukaandika "with" kwa sababu ya ile "na". Kulikuwa na "hodari katika kuandika", nikaandika "in". Kulikuwa na "sababu ya", nikaandika "of". Kiingereza kilikuwa ngozi tu, nyama yote ni Kiswahili.

Kiswahili kina viunganishi vichache vinavyobeba mizigo mingi, na kila kimoja kina kosa lake kinalolizaa. Ukishalijua utalinusa kabla hujabonyeza kutuma.

"Na" huzaa "with". Ameolewa na fulani hugeuka "married with", ilhali Waingereza husema "married to". Tofauti na hugeuka "different with", kumbe ni "different from". Inayofanana na hugeuka "similar with", nayo ni "similar to". Na sawa na si "same with", ni "the same as".

"Ya", pamoja na ndugu zake wa, la, cha na vya, huzaa "of". Huyu ndiye msumbufu kuliko wote, maana -a yetu huunganisha nomino yoyote na nomino yoyote bila kuuliza uhusiano wao ni wa namna gani. Kiingereza huuliza. Suluhisho la tatizo ni "a solution to the problem". Ufunguo wa mlango ni "the key to the door". Mahitaji ya umeme ni "demand for electricity". Ongezeko la bei ni "an increase in prices". Hamu ya mabadiliko ni "a desire for change". Uharibifu wa barabara ni "damage to the road". Kwa Kiswahili yote sita ni -a moja iliyobadilisha herufi ya mbele. Kwa Kiingereza, "of" haikuingia hata mara moja.

"Kwa" haitabiriki. Maarufu kwa ni "famous for", umebahatika. Lakini athari kwa afya si "effect to health", ni "effect on health".

Halafu kuna mtego wa kinyume, pale Kiswahili kisipokuwa na kihusishi chochote cha kutafsiri. Lugha yetu hupenda kukificha ndani ya kitenzi kwa kauli ya kutendea: mtu akijivuna, kuna anachojivunia, akikasirika, kuna anayemkasirikia. Kitenzi kama ogopa hakihitaji hata hicho. Ukifika kwenye Kiingereza unafika mikono mitupu, na unaandika "I am afraid dogs". Hisia nyingi zilizo vitenzi kwetu, kwao ni vivumishi, na kivumishi cha aina hiyo hakiwezi kuishika yambwa, yaani kile kinachoogopwa au kujivuniwa, bila kihusishi: "afraid of dogs", "proud of my daughter", "angry with him".

Zoezi la hatua hii: fungua barua pepe tatu ulizoandika kwa Kiingereza, kisha utafute kila "with", "of" na "in" iliyokuja baada ya kivumishi au nomino. Kwa kila moja jiulize kama imetoka kwenye Kiingereza au kwenye na, ya na katika. Uaminifu tu unatosha.

Hatua ya 2: Chukulia kihusishi kama ngeli

Hakuna Mswahili anayekaa chini kutafakari kwa nini ni "kiti hiki" na si "kiti hili". Neno kiti limekuja na ki- yake tangu utotoni. Kihusishi cha Kiingereza kinachofuata kivumishi au nomino kiko hivyo hivyo: ni mali ya neno lililokitangulia. Kwa hiyo usijifunze "afraid". Jifunze "afraid of". Usiandike "interested" kwenye daftari lako, andika "interested in", na mbele yake sentensi fupi inayokuhusu wewe mwenyewe. "I'm hopeless at remembering names" itakaa kichwani mwangu kuliko mfano wowote wa kitabuni, kwa sababu ni kweli.

Kuna makundi yanayorahisisha kazi, ingawa si sheria. Ustadi na udhaifu hupenda "at": good at, bad at, brilliant at, hopeless at, slow at. Mfanano na mafungamano hupenda "to": similar to, equal to, identical to, related to, married to, allergic to. Wasiwasi na msisimko hupenda "about": worried about, nervous about, excited about. "Of" hukusanya mengi ya moyoni na ya ufahamu: afraid of, proud of, ashamed of, jealous of, fond of, aware of, capable of. Utegemezi ni wa "on": dependent on, reliant on, based on.

Kundi moja dogo linafaa kukaririwa lilivyo. Superior, inferior, senior, junior na prior zimetoka Kilatini zikiwa tayari zina maana ya kulinganisha ndani yake, kwa hiyo huchukua "to" na hazichukui "than". Ni "superior to", hata kama masikio yako yanadai "kuliko".

Na usidhani maana ikikaribiana kihusishi nacho hufanana. Ndoo iliyojaa maji ni "full of water". Ndoo hiyo hiyo ukisema imejazwa maji, ni "filled with water". Maji ni yale yale.

Hatua ya 3: Chunguza kivumishi kinachobadili mwenzi

Hapa ndipo mfano wa ngeli unapoanza kupwaya, maana baadhi ya vivumishi hukubali vihusishi viwili, vitatu au vinne, na kila kimoja huleta maana yake. Tazama "good":

"She is good at chess." Anaujua mchezo.
"She is good with children." Anajua kuishi nao, kuwatuliza, kuwachekesha.
"Walking is good for you." Kuna manufaa.
"She was good to me." Alinitendea wema.

Mtu akiandika "she is good for children" akimsifu mlezi, msomaji ataelewa kwamba watoto wananufaika kwa kuwa naye, jambo zuri pia, ila si alichokusudia.

"Tired" ni hatari zaidi. "I'm tired from working" ni uchovu wa mwili. Ulale, kesho utaamka salama. "I'm tired of working" ni kuchoshwa, kutotaka tena. Mwambie bosi wako la pili ukimaanisha la kwanza, uone atakavyokutazama. Kiswahili hutofautisha haya kwa kitenzi: nimechoka na nimechoshwa. Kiingereza kimelitupia jukumu lote neno la herufi mbili.

"Familiar" hugeuza sentensi kichwa chini. Mtu huwa "familiar with" kitu. Kitu huwa "familiar to" mtu. "I am familiar with this song", lakini "this song is familiar to me". Ukikosea hapa, wimbo ndio unaokufahamu wewe.

"Responsible for" hutaja kazi iliyo mikononi mwako, "responsible to" hutaja anayekuuliza hesabu. "Concerned about" ni kuwa na wasiwasi, ilhali "concerned with" ni kuhusika na jambo. Ukisema "sorry about", unasikitikia tukio. Ukisema "sorry for" ukaweka mtu mbele, unamhurumia. Hasira nayo hugawanyika: "angry with" ama "angry at" kwa mtu, "angry about" kwa jambo.

Nifungue mabano kidogo juu ya "with", kwa kuwa historia yake ilinisaidia kuacha kuiona kama "na". Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya dhidi ya, na kazi ya pamoja na ilifanywa na neno jingine, "mid". Baadaye "with" ikaipokonya "mid" kazi yake. Maana ya zamani bado inachungulia kwenye "fight with", "compete with" na "withstand". Nayo "mid" imebaki imejificha ndani ya "midwife", mkunga, yaani aliye pamoja na mwanamke.

Hatua ya 4: Tenganisha nomino na kitenzi chake

Kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii. Makosa yanayotutambulisha kuwa tumejifunza Kiingereza darasani yamejaa hapa.

Kitenzi cha Kiingereza mara nyingi huishika yambwa chenyewe, bila msaada. Nomino iliyotokana nacho haiwezi, hudai kihusishi. Tukishazoea nomino na kihusishi chake, tunakibeba hadi kwenye kitenzi, ambako hakihitajiki. Ndiyo maana tunaandika "discuss about". Nomino husema "a discussion about the budget", na hapo "about" ni halali. Kitenzi husema "discuss the budget", basi. Vivyo hivyo:

"a request for leave", lakini "request leave"
"emphasis on quality", lakini "emphasize quality"
"contact with the office", lakini "contact the office"
"an answer to the letter", lakini "answer the letter"
"entry into the building", lakini "enter the building"
"marriage to Anna", lakini "marry Anna"
"a lack of money", lakini "lack money"
"demand for an apology", lakini "demand an apology"

Ukiona "request for" mahali, kabla hujaifuta uliza kwanza kama request hapo ni nomino au kitenzi. Kipimo ni chepesi: je, unaweza kuweka "a", "the" au "my" mbele yake? "My request for leave", sawa, ni nomino, "for" ibaki. "I my request leave" haiendi, ni kitenzi, "for" itoke. Nimewaona watu wakishasahihishwa "request for" mara moja wanaiogopa hata pale inapostahili, wakaandika "my request leave". Dawa ikizidi huwa sumu.

Nomino chache zinahitaji uangalizi wa pekee. "Increase" huchukua "in" ukitaja kinachoongezeka na "of" ukitaja kiasi: "an increase in rent", "an increase of 10 percent". "Decrease", "rise" na "fall" hufuata njia hiyo hiyo. "Cause" na "reason" zote tunaziita sababu, lakini ni "the cause of the fire" na "the reason for the delay". Na "difference" huwa na "between" ukitaja vitu vinavyotofautiana, "in" ukitaja kinachowatofautisha: "the difference between the two phones", "a difference in price".

Hatua ya 5: Usiamini ukoo

Ungetarajia kivumishi na nomino za ukoo mmoja zishike kihusishi kimoja. Mara nyingine ni hivyo: "interested in" na "interest in", "dependent on" na "dependence on". Ukishaamini, ukoo unakugeuka. Mtu ni "proud of" mwanawe, lakini huona "pride in" mafanikio yake. Ni "fond of" muziki, lakini ana "fondness for music". Ni "respectful of" wazee, lakini ana "respect for" wao. Nchi ni "independent of" nyingine, ila uhuru ilioupata ni "independence from", na kinyume chake, kama tulivyoona, ni "dependent on". Ukoo mmoja, vihusishi vitatu.

Sijapata njia ya mkato hapa. Kila ninapojifunza kivumishi kipya naangalia na nomino yake, naandika vyote viwili mstari mmoja.

Hatua ya 6: Kitenzi baada ya kihusishi huvaa -ing

Hii haina vighairi vya kukusumbua: "good at cooking", "interested in learning", "tired of waiting", "the idea of moving". Kwa Kiswahili tunaweka ku-, na ku- hiyo inatushawishi tuandike "good at to cook". Usikubali.

Tatizo moja tu, nalo ni "to", ambayo ina kazi mbili. Katika "ready to go" ni alama ya kitenzi, sawa na ku- yetu. Katika "accustomed to noise" ni kihusishi halisi, na kitenzi kikiifuata kitavaa -ing: "accustomed to working at night", "committed to helping", "opposed to building". Ili kujua ni ipi, weka "it" baada yake. "Accustomed to it" inasimama, basi tumia -ing. "Willing to it" inaanguka, basi kitenzi kibaki kitupu: "willing to help". Kwa kipimo hicho hicho utatofautisha "I used to drive", nilikuwa naendesha zamani, na "I'm used to driving", nimezoea kuendesha.

Baadhi ya vivumishi hukubali njia zote mbili. "Afraid of falling" ni hofu kwamba utaanguka bila kutaka. "Afraid to jump" ni kuogopa kufanya jambo ambalo uamuzi wake ni wako.

Hatua ya 7: Usikidondoshe kwenye swali

Sentensi ikigeuka swali, kihusishi hubaki mwisho peke yake kama mtu aliyeachwa na basi, na wengi wetu tunamsahau. "What are you afraid?" haijakamilika. Ni "What are you afraid of?" Vivyo hivyo "Who is she married to?" na "What is this town famous for?"

Kwenye virejeshi, Kiswahili chenyewe kinatupa msaada. Tunasema "kazi ninayovutiwa nayo", na mtu akisema "kazi ninayovutiwa" tunasubiri amalizie. Ile "nayo" ndiyo "in" ya "the job I am interested in". Ila kuwa mwangalifu: nayo yetu imebeba kihusishi na kiwakilishi kwa pamoja, ndiyo maana baadhi yetu huandika "the job I am interested in it". Kiingereza kinataka nusu ya kwanza tu.

Huenda ulifundishwa kwamba sentensi haipaswi kuishia na kihusishi. Lawama hiyo ni ya zamani. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo, na walimu wa sarufi wakaendelea kulibeba. Wazungumzaji hawakusikiliza. "To whom are you married?" ni sarufi safi, lakini ukiisema mezani utadhaniwa unamhoji mtu mahakamani.

Hatua ya 8: Tazama na kinachotangulia

Mpaka hapa kihusishi kilikuwa nyuma ya neno. Kipo pia kinachosimama mbele ya nomino, na hapo kosa dogo hugeuza maana. "On time" ni kwa saa iliyopangwa. "In time" ni kabla hujachelewa. "At the end" hudai utaje mwisho wa nini. "In the end" ni hatimaye. Unasafiri "by car", lakini ukiweka "my" inakuwa "in my car". Makusudi ni "on purpose", bahati mbaya ni "by accident". Haya ni ya kukariri tu, hayana falsafa.

Hatua ya 9: Hakiki kwa macho yako

Kamusi za wanaojifunza Kiingereza huandika kihusishi pembeni ya neno, mara nyingi kwa herufi nzito, zikifuatiwa na vifupisho "sb" na "sth". Cha kwanza ni mtu fulani, cha pili ni kitu fulani. Ukiona "angry with sb about sth", umeshapewa jibu lote la hatua ya 3 kwa maneno matano. Nilitumia kamusi muda mrefu nikiviruka vifupisho hivyo kama vumbi.

Ukitaka kuona watu wanavyoandika kweli, kuna hazina za matini za kutafutia. Ile ya Uingereza, British National Corpus, ina maneno milioni 100, na ya Marekani iitwayo COCA ina zaidi ya bilioni 1. Kwa jibu la haraka mimi hutumia Google Ngram Viewer, inayohesabu maneno katika vitabu vilivyochapishwa. Andika "capable *", yaani nyota mahali pa neno usilolijua, nayo itakuonyesha maneno kumi yanayolifuata zaidi. Ukiwa na washindani, watenge kwa koma: "different from, different to, different than". Kisha badilisha kutoka Kiingereza cha Uingereza hadi cha Marekani. Utaona "from" inaongoza pande zote, "to" ina watu wake Uingereza na "than" ina wake Marekani. Ndiyo maana ukiandika "different from" hakuna atakayekukosoa popote.

Zana hizo huonyesha pia mahali ambapo wenye lugha wenyewe bado wanavutana. Kwa muda mrefu wameandika "bored with" na "bored by". Siku hizi "bored of" imeenea, hasa kwa vijana, na bado kuna wanaokunja uso wakiiona. Kwenye ujumbe wa simu naandika "bored of" bila kujiuliza. Kwenye barua ya kuomba kazi naweka "with", na kwa mara moja "with" yangu inakuwa sahihi.